Shangazi Hakuteguka

Shangazi yangu alianguka alfajiri, akirudi kutoka chooni. Hakuanguka mtini wala hakugongwa na bodaboda. Alijikwaa kwenye kamba ya mbuzi iliyokatiza mlangoni, akaangukia ubavu wa kulia, na hakuinuka. Ana miaka 74. Kijiji chake kiko upande wa Chemba, mwendo mfupi kutoka barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, ile iliyozinduliwa 2018. Ukipata gari asubuhi, kabla ya adhuhuri uko Dodoma mjini. Yeye aliingia chumba cha upasuaji siku ya 13.

Nimezihesabu siku hizo mara nyingi, na kila nikizihesabu naona kuwa barabara haikula hata moja. Nne ziliishia uani kwetu. Tatu ziliishia kati ya zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya. Sita zilizobaki ziliishia wodini, mjini, ndani ya jengo ambalo lina madaktari wa mifupa na chumba cha upasuaji.

Tukizungumzia wazee wanaovunjika nyonga, mazungumzo huwa ya vifaa na mabingwa: mashine gani haipo, chuma gani ni bora, nani apelekwe Muhimbili kwenye Taasisi ya Mifupa. Hayo yana nafasi yake na nitayafikia. Lakini Dodoma hii ina Hospitali ya Benjamin Mkapa inayopandikiza figo tangu 2018. Mji unaoweza kuhamisha figo ya mtu mmoja ikafanya kazi ndani ya mwingine hauwezi kushindwa na mfupa wa paja. Wazee wetu wanapoteza maisha kwa sababu hakuna mtu katika mnyororo mzima, kuanzia mjukuu hadi daktari, anayeiita nyonga iliyovunjika kwa jina lake, yaani dharura.

Jina lilikosewa tangu uani. Neno la kwanza lililosemwa pale lilikuwa "ameteguka". Mtu akiteguka dawa yake inajulikana: maji ya moto, kuchua, na kumwita mzee anayejua kuunga mifupa. Alikuja jioni, mtu mpole na mwenye heshima zake. Akamwamkia shangazi, akaushika mguu kwa mikono miwili, akauvuta. Shangazi alipiga yowe ambalo binamu yangu anasema hatalisahau. Kesho yake mzee akarudi kuuvuta tena, maana ulikuwa "haujakaa".

Simlaumu yule mzee. Mkono na kifundo cha mguu anavijua kuliko vijana wengi wenye vyeti. Tatizo ni kwamba nyonga haiteguki hivyo. Kichwa cha fupa la paja ni mpira uliozama ndani ya kikombe, umeshikwa na kano nene kuliko za kiungo kingine chochote mwilini. Kuuchomoa mpira huo kwa mtu mzima kunataka nguvu ya ajali ya gari, goti ligonge mbele na paja lisukumwe nyuma. Mzee aliyeanguka kutoka kimo chake mwenyewe, mlangoni kwake, hana nguvu hiyo. Kinachoachia ni mfupa, ambao kwa miaka 20 au 30 umekuwa ukipungua kimyakimya, kwa wanawake zaidi baada ya hedhi kukoma.

Na alama zake huonekana hata bila eksirei. Mlaze mzee chali, tazama nyayo. Mguu uliovunjika huwa mfupi kuliko mwenzake, na vidole vyake vimegeukia nje, kama mguu wa mtu aliyelala fofofo. Mwambie ainue kisigino kutoka kwenye godoro, hawezi. Wachache huponyoka katika kipimo hiki kwa kuwa vipande vimegandamana, wanatembea kwa kuchechemea na kulalamikia kinena, wengine goti, na ndipo unapokuta mtu amepigwa picha ya goti mara mbili na kuambiwa hana kitu. Lakini kwa walio wengi, mjukuu wa darasa la saba anaweza kuona tatizo kabla chai haijachemka.

Hata vitabu vya udaktari viliwahi kutupotosha. Mwaka 1968 daktari Louis Solomon alichapisha kazi yake kutoka Johannesburg iliyoonyesha kuwa Waafrika weusi walikuwa wakivunjika nyonga kwa nadra sana ukilinganisha na wazungu. Hesabu yake ilikuwa ya watu wa wakati ule. Kilichofuata ni kwamba kizazi baada ya kizazi cha madaktari kimefundishwa kuwa hili ni gonjwa la Ulaya, na kilichofundishwa hivyo hakitengewi fungu. Tafiti za karibuni huko huko Afrika Kusini zimekuta viwango vya juu kuliko vile. Watu wanaishi zaidi, basi. Kila familia ninayoijua hapa ina bibi mmoja ambaye miaka 40 iliyopita asingefika umri alionao.

Sasa nieleze kinachotokea ndani ya nyonga, kwa sababu bila kukielewa huwezi kujua kwa nini wagonjwa wawili waliolala vitanda jirani wanafanyiwa upasuaji tofauti, na ndugu wanaishia kudhani mmoja amehongwa.

Mfupa wa paja ukifika juu unapinda kuelekea kwenye kikombe. Sehemu hiyo iliyopinda ndiyo shingo, na imefunikwa na mfuko wa kiungo. Daktari Mwingereza Astley Cooper alishaandika mwaka 1822 kuwa kuvunjika ndani ya mfuko na kuvunjika nje yake ni mambo mawili, na mpaka leo mgawanyo huo unatumika. Sababu ni damu. Kichwa cha mfupa hulishwa na mishipa midogo inayopanda ikiwa imelala juu ya shingo, kama mpira wa kumwagilia unaotambaa kwenda kwenye mche wa zabibu ulio mwisho wa shamba. Shingo ikivunjika na vipande vikaachana, mpira unakatika. Unaweza kuvirudisha vipande mahali pake na kuvifunga kwa skrubu, picha ikapendeza, na baada ya miezi kadhaa mche ukakauka vilevile. Mwaka 1961 Robert Garden alizipanga aina za kuvunjika huku katika ngazi nne, na daktari wako bado anazitumia anapoangalia picha: ngazi mbili za chini vipande havijaachana, mbili za juu vimeachana.

Kwa mzee ambaye vipande vimeachana, busara ni kukitoa kichwa na kuweka cha chuma. Wanaita nusu nyonga, kwa sababu kikombe kinabaki kile alichozaliwa nacho. Kama mpasuko uko nje ya mfuko, chini kidogo, pale kwenye kinundu unachoweza kukipapasa ubavuni mwa nyonga, damu ipo ya kutosha na mfupa utaunga. Kazi ni kuushikilia tu. Hapo huwekwa bamba lenye skrubu nene inayoteleza, au msumari mrefu unaopita ndani ya mfupa wenyewe. Kwa misumari, tuna deni la shukrani kwa shirika la SIGN, lililoanzishwa Marekani mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle, ambalo hutoa misumari inayoweza kuwekwa bila ile mashine ya kuonyesha picha papo hapo wakati wa upasuaji. Hospitali kadhaa za Tanzania zinaitumia, na wana hata aina iliyobuniwa kwa ajili ya nyonga.

Kwenye nusu nyonga kuna ugomvi wa simenti. Chuma kilichozoeleka katika nchi zetu ni cha Austin Moore, Mmarekani ambaye yeye na mwenzake Harold Bohlman waliweka nyonga ya chuma mwaka 1940; chuma chake cha miaka ya 1950 hupigiliwa ndani ya mfupa na kukaa kwa kubana tu. Cha pili hushikizwa kwa simenti ya mifupa. Daktari alipotutajia simenti, mjomba aliuliza kwa dhati kabisa kama ni Twiga au Dangote, na nadhani swali lile ndilo lililomfanya shangazi acheke kwa mara ya kwanza tangu aanguke. Mwaka 2022 utafiti wa Uingereza uliohusisha wagonjwa 1,225 wenye miaka 60 na zaidi ulitoa jibu: waliowekewa simenti walikuwa na maisha mazuri kidogo zaidi baada ya miezi minne, na mifupa yao ilipasuka mara chache zaidi kuzunguka chuma. Simenti nayo ina hatari yake, huweza kushusha presha ghafla mgonjwa akiwa mezani, na mtoa ganzi lazima ajue inapoingia. Ningechagua simenti kwa mama yangu. Lakini ningeambiwa simenti itafika Jumatatu na chuma cha Austin Moore kipo leo Jumatano, ningesema leo.

Vivyo hivyo kwa wanaotaka nyonga nzima badala ya nusu. Utafiti mkubwa wa 2019, uliofanywa katika nchi 10, ulikuta kuwa baada ya miaka miwili waliorudishwa kupasuliwa tena ni karibu sawa pande zote mbili, asilimia 7.9 kwa nyonga nzima na 8.3 kwa nusu, na tofauti ya kutembea ilikuwa ndogo. Mzee bado mkakamavu, anayeenda shamba mwenyewe, huenda nyonga nzima ikamfaa. Kwa walio wengi, nusu inatosha.

Turudi kwenye saa, maana ndipo ninapoona watu wenye akili wakijikwaa. Utafiti ulioitwa HIP ATTACK, uliochapishwa mwaka 2020, uliwagawa wagonjwa 2,970 katika nchi 17: kundi moja lilipelekwa haraka iwezekanavyo, wastani wa saa 6 baada ya kugundulika, lingine likafuata utaratibu wa kawaida, wastani wa saa 24. Vifo ndani ya siku 90 vilikuwa asilimia 9 na asilimia 10, tofauti isiyo na uzito wa kitakwimu. Nimemsikia mtu akitumia matokeo hayo kuniambia kuwa "hata Ulaya wameona haraka haisaidii". Jamani. Wale walilinganisha saa 6 na saa 24. "Kuchelewa" kwao ni kasi ambayo sisi tungeifanyia sherehe. Hakuna aliyethubutu kuweka kundi la siku 13, kwa kuwa hakuna kamati ya maadili ingeruhusu. Na hata katika tofauti ile ndogo, waliowahi walichanganyikiwa akili mara chache zaidi, walipata maambukizi ya mkojo kidogo, na waliinuka kitandani mapema.

Kuinuka ndiyo shabaha ya shughuli yote. Watu wanadhani tunapasua ili mfupa uunge. Mfupa wa nje ya mfuko unaweza kuunga wenyewe ukiuvuta mguu kwa kamba na uzito kwa wiki 6 hadi 12, dumu la maji likining'inia mwisho wa kitanda; utaunga ukiwa mfupi na umepinda, ila utaunga. Anayeharibika ni mwenye mfupa. Mzee akilala chali wiki mbili, mapafu yanajaa makohozi na nimonia inaingia. Damu inaganda kwenye mishipa ya paja, na siku moja kipande kinapanda hadi mapafuni na mtu anakata roho akiombwa anywe uji. Ngozi ya makalio na visigino inakufa. Misuli inayeyuka. Katika nchi zenye hesabu nzuri na upasuaji wa haraka, karibu mzee mmoja kati ya wanne waliovunjika nyonga hamalizi mwaka. Fikiria wetu.

Shangazi alipata kidonda cha mgongo, juu kidogo ya makalio, siku ya 8. Nyonga yake ilipona kabla ya kidonda. Miezi mitano binti yake alikuwa akikiosha kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, na msimu ule shamba lao la uwele lilipaliliwa nusu. Ukitaka kufanya hesabu ya gharama za kuchelewa, usiangalie bili ya hospitali. Angalia shamba la yule binti.

Sita zile za wodini zilikwenda hivi. Ya kwanza na ya pili ilikuwa presha: ilikuwa juu, tukaambiwa ishuke kwanza. Nakubali kuwa kuna mambo ya kurekebisha kabla ya kupasua, damu iliyopungua sana, moyo uliochoka, sukari isiyoshikika. Lakini presha ya mtu mwenye mfupa uliovunjika, ambaye amepewa panadoli tu, itashukaje? Maumivu ndiyo yanayoipandisha. Kuna sindano ya ganzi inayochomwa kinenani, haichukui muda mrefu, mguu unatulia na mgonjwa analala usingizi. Haihitaji mashine ya bei mbaya wala bingwa wa mifupa. Shangazi alichomwa siku ya 13, mezani. Kwa nini isiwe siku ya 5 katika kituo cha afya?

Ya tatu na ya nne ilikuwa damu. Chupa mbili zilihitajika, ndugu tukaombwa kuchangia, nusu yetu tukawa tumesharudi vijijini. Ya tano ilikuwa chuma. Hapa ndipo msamaha wa wazee unapoonyesha tundu lake. Tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 tumekuwa tukisema kuwa mzee wa miaka 60 na kuendelea asiyejiweza atatibiwa bure; kuna dirisha la wazee, kuna kitambulisho, na ni jambo jema kabisa. Kumwona daktari hatukulipa. Kitanda hatukulipa. Kisha tukakabidhiwa karatasi ya chuma, tukanunue nje. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote hapa hapa Dodoma Novemba 2023, na swali langu kwa kila anayehusika na kitita cha huduma ni moja: nyonga ya bibi imo, pamoja na chuma chake, bila mtu kutumwa dukani? Ya sita ilikuwa Jumapili.

Kuna nusukaputi pia, ambayo familia yetu iliijadili usiku mzima kana kwamba ni hukumu. "Mzee akilazwa usingizi haamki." Utafiti wa 2021 wa wagonjwa 1,600 Marekani na Kanada ulilinganisha ganzi ya mgongo na nusukaputi kwa nyonga za wazee, na baada ya siku 60 hakukuwa na tofauti ya maana kati ya makundi katika kufa wala kushindwa kutembea. Shangazi alichomwa ya mgongo na anadai alisikia nyundo. Inawezekana kabisa.

Siku nne za uani, tatu za njiani, sita za wodini. Wanaoshughulika na afya ya uzazi wataitambua hesabu hii mara moja. Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliandika kuwa mama mjamzito hufa kwa ucheleweshaji wa aina tatu: kuamua kutafuta huduma, kufika kwenye huduma, na kuipata huduma akishafika. Tanzania imeubeba mtazamo huo kwa miaka, na umezaa matunda. Mama mwenye uchungu uliokwama kijijini leo hasubiri kwanza tiba za nyumbani. Ipo namba 115, inapigwa bure. Mfumo wa m-mama unatafuta gari la wagonjwa, na likiwa mbali anatumwa dereva wa kijamii aliyesajiliwa, naye analipwa na mfumo, si na mume wa mgonjwa. Hospitali inayompokea imeshajulishwa.

Kwa nini dereva yule yule, gari lile lile, apite mlangoni kwa shangazi bila kusimama? Ninaposema hivi naambiwa mzigo utakuwa mkubwa. Sidhani. Nyonga zinazovunjika wilayani kwa mwezi ni chache mno kuliko uzazi wenye matatizo, na safari yake ni moja kwa moja: ukishaona mguu mfupi uliogeukia nje, hakuna cha kufanya zahanati zaidi ya dawa ya maumivu ya kweli, maji ya mishipani kama hajanywa, na kumpeleka anakoweza kupasuliwa. Shangazi alipitia milango mitatu kabla ya kufika, na kila mlango ulimwandikia rufaa ya kwenda mlango unaofuata, kwa utaratibu. Sisi tuling'oa viti vya Noah ya jirani, tukaweka godoro, tukamfunga miguu pamoja kwa khanga na mto katikati. Kila tuta la barabarani alitaja jina la Mungu.

Uingereza walifanya jambo jingine ambalo halihitaji mashine. Tangu 2007 wana rejista ya taifa ya nyonga zilizovunjika, na kuanzia 2010 hospitali inayotimiza vigezo, kimojawapo kikiwa kupasua ndani ya saa 36, inalipwa zaidi. Sisi hatuna fedha za kugawa zawadi. Daftari la kaunta tunalo. Lifunguliwe moja kila wodi ya mifupa mkoani, lichorwe safu nne: saa aliyoanguka, saa aliyofika, saa aliyopasuliwa, siku aliyosimama. Liwe linasomwa mbele ya mganga mkuu kila mwezi. Nina hakika safu ya pili na ya tatu zikianza kusomwa kwa sauti, Jumapili itafupishwa.

Lazima niseme na upande wa pili, kwa sababu siyo kila mzee apelekwe kisuni. Uholanzi, mwaka 2022, walichapisha utafiti wa wagonjwa 172 waliokuwa dhaifu sana, wakiishi kwenye nyumba za kulelea wazee, ambao wao na familia zao walichagua kati ya kupasuliwa na kutopasuliwa. Waliochagua kutopasuliwa wengi walifariki mapema, na walitarajia hivyo. Lakini ubora wa siku walizobaki nazo haukuwa chini ya wa wenzao, na familia ziliridhika na namna walivyoondoka. Nina jirani hapa Dodoma ambaye baba yake, zaidi ya miaka 90, hakuwa akimtambua mtu tangu mwaka uliotangulia, alivunjika nyonga na wakaamua wabaki nyumbani. Sioni kosa. Ila wale Waholanzi waliamua mapema, kwa mazungumzo ya wazi, wakiwa na mofini, ile dawa kali ya maumivu, na wauguzi karibu. Mzee aliyeachwa bila upasuaji kwa sababu rufaa ilikwama au chuma kilikosekana hakuchagua chochote, na mara nyingi hapewi hata ile mofini. Tusiyaite mambo haya mawili kwa jina moja la "tumemwachia Mungu".

Upasuaji wenyewe ulichukua muda mfupi kuliko kikao chetu cha nusukaputi. Kesho yake kijana wa mazoezi alikuja na fremu ya kutembelea, akamwamkia, "Shikamoo bibi," na kabla hajaitikiwa vizuri akawa ameshamshusha miguu chini. Binamu yangu alitaka kumzuia. Ndugu wengi huzuia, wakidhani mgonjwa anateswa, na ningependa wauguzi watuambie mapema kuwa kusimama siku ile ni dawa kama zile za mishipani.

Aliporuhusiwa tulipewa karatasi ya maelekezo, nzuri tu, iliyoandikwa kwa ajili ya nyumba ambayo hakuna yeyote kati yetu anaishi. Asikalie kiti kifupi. Asikunje nyonga kupita pembe mraba. Sasa, kigoda ni nini? Choo cha shimo ni nini? Mwanamke wa Chemba huchuchumaa kupika, huchuchumaa kujisaidia, hukaa chini kula, na husujudu mara nyingi kwa siku. Nusu nyonga ikikunjwa hivyo miezi ya mwanzo inaweza kuchomoka, na hapo sasa ndipo neno kuteguka linakuwa kweli. Fundi wa kijijini alimaliza suala la choo kwa kukata tundu katikati ya kiti cha plastiki na kukiweka juu ya shimo. Jiko liliinuliwa kwa matofali. Kuhusu swala, sheikh wa msikitini alikuja mwenyewe kumwambia aswali akiwa kitini. Angeambiwa na sisi asingekubali.

Jambo moja halikuandikwa kwenye ile karatasi. Mzee aliyevunjika nyonga moja ameshatangaza kuwa mifupa yake ni dhaifu, na nyonga ya pili inasubiri zamu. Ipo sindano ya asidi ya zoledroniki, mara moja kwa mwaka. Utafiti wa 2007 wa wagonjwa 2,127 waliotoka kuvunjika nyonga ulionyesha kuwa ilipunguza mivunjiko mipya kwa asilimia 35, na vifo kwa asilimia 28. Hatukuitajiwa. Wala hakuna aliyempima macho, mkoa huu ambao Kongwa yake imefanyiwa utafiti wa vikope kwa miongo, na ambako mtoto wa jicho ni jambo la kila kaya. Mtu asiyeiona kamba ya mbuzi saa 11 alfajiri ataiona mwaka kesho?

Mbuzi amehamishwa. Tumemnunulia taa ya sola inayowaka yenyewe mtu akipita, na ndoo yenye kifuniko ya kuweka chini ya kitanda ili asitoke usiku. Taa ameipenda, huiwashia wageni. Ndoo ameigeuza ya kuhifadhia karanga; anasema ya kujisaidia ndani ni ya wagonjwa, na yeye anakwenda chooni kwake na fimbo yake.